Usingizi wa Mchana

Kijiko kilimponyoka binti kikagonga ukingo wa beseni, na kabla hakijamaliza kulia, pazia lililogawa chumba likavutwa hadi kamba yake ikakatika.

Baba yake alitoka kifua wazi, macho mekundu kama ya mtu aliyeshinda kwenye moshi. Hakuuliza wala hakutukana. Alimchapa binti kofi moja upande wa kushoto wa uso, kofi la mkono uliozoea kushika rungu, na binti akaangukia vyombo alivyokuwa akiosha. Hapo ndipo vyombo vyote vilipolia kwa pamoja, sufuria, sahani na vikombe, vyote ambavyo asubuhi ile alikuwa akivishika kimoja kimoja kama mayai ili baba alale.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wapangaji wa nyumba ile walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Sasa alikaa kimya katikati ya maji ya sabuni, ameshika sikio, akimtazama baba yake kama mtu anayejaribu kukumbuka alipata kumwona wapi. Damu nyembamba kama uzi ikapenya kati ya vidole vyake.

Mama yake alikuwa msusi. Alikuwa kibarazani na mteja ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama kama majani makavu. Aliingia mbio na kitana mkononi.

"Umefanya nini, Baba Kasuku?"

Mume alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa akiutazama mkono wake. Tangu mtoto huyo azaliwe hakuwahi kumgusa hata kwa ufagio. Kama ni kuchapa, mchapaji wa nyumba ile alikuwa mama. Yeye alikuwa mtu wa mizaha. Alilinda ghala la saruji usiku, na majirani walipomwita Bundi, ndege wa mkosi, alicheka akasema heri bundi, kuku anayependwa na kila mtu mwisho wake ni kisu.

Alifungua mdomo aseme kitu. Papo hapo mashine ya kukatia chuma ikaanza kuunguruma upande wa pili wa ukuta, halafu ikakutana na chuma na kupiga ukelele. Maji kwenye beseni yakatetemeka. Alichokisema hakikusikika, na mashine ilipotulia, hakukirudia.

* * *

Zahanati ilikuwa imejaa. Baba alitaka kubaki nyumbani, lakini mke wake alimwambia, "Utakuja. Utamwona mtoto anavyochunguliwa sikio, na macho yako yataona." Basi walikaa watatu kwenye benchi moja, binti katikati.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuchoka. Alimulika sikio la Kasuku kwa tochi, kisha akaligeuza shavu kwenye mwanga wa dirisha.

"Ameumiaje?"

"Aliangukia vyombo," baba alisema.

"Vyombo vyenu vina vidole?"

Wagonjwa waliokuwa karibu na mlango waliacha kuzungumza. Alama nne zilikuwa zimevimba shavuni mwa mtoto, moja baada ya nyingine, kama mistari ya matuta. Bundi aliinamisha kichwa. Mke wake alitazama ukuta.

"Nilianguka," Kasuku alisema, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika kwa sababu hakuwa akiisikia sauti yake vizuri. "Niliteleza mwenyewe." Kwa baba yake, hilo liliuma kuliko maneno ya muuguzi.

"Ngozi ya ndani ya sikio imepasuka," muuguzi alisema. "Maji yasiingie. Inaweza kuziba yenyewe, inaweza isizibe. Likipigwa tena, msimlete, halitatibika." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe kaa hapo, nyoosha mkono."

"Mimi siumwi."

"Sijakuuliza."

Alimfunga kitambaa cha kupimia presha, akapampu, akasoma, akakifungua na kukihamishia mkono wa pili. Akasoma tena. Uso wake ukabadilika.

"Unalala kweli?"

"Kazi yangu ni kulinda ili wengine walale."

"Na mchana?"

"Mchana nalala na fundi wa kuchomelea." Alijaribu kutabasamu. "Kichwa changu upande huu wa ukuta, mashine yake upande ule. Bundi mwenzangu wa porini usiku yuko macho, lakini mchana ana tundu lake. Mimi hata tundu sina."

"Tangu lini?"

"Tangu mwenye nyumba apangishe stoo ya nyuma ikawa karakana," mke alijibu. "Mvua zilizopita."

Muuguzi alimwandikia vidonge. Alimwambia apunguze chumvi, apumzike, apunguze mawazo.

"Niyapunguze nimpe nani?" Bundi aliuliza. "Mke wangu ana yake tayari."

Mgonjwa mmoja alicheka. Muuguzi hakucheka. Alisubiri binti atoke na mama yake, kisha akamshika Bundi mkono wa shati na kumwambia kwa sauti ya chini, "Presha yako inaweza kukuangusha wakati wowote, sikudanganyi. Utapooza upande mmoja wakulishe kwa kijiko. Lakini presha haina mkono, baba. Mkono ni wako."

Njiani mke wake alitembea mbele, kisha akasimama kumsubiri. Kasuku alikuwa ametangulia, pamba sikioni.

"Mimi maji yangu ya kuchovyea rasta yako jikoni kutwa, yanachemka," alisema. "Siku utakayomwinulia tena huyu mtoto mkono, nitakumwagia. Nimekwambia leo ukiwa na akili zako."

"Nimekusikia, Mama Kasuku."

"Sitaki unisikie tu. Sikio tumeshaharibu moja."

* * *

Alijitahidi. Asiyemwona alivyojitahidi angemhukumu bure. Alijaza pamba masikioni, akafunga na kilemba cha mkewe juu yake, lakini mlio ule haukupitia masikioni peke yake. Ulipita kwenye ukuta, ukapanda kwenye chaga za kitanda, ukaingia kwenye meno. Alihamisha godoro hadi mlangoni, wateja wa kusuka wakawa wanamruka miguu. Alijaribu kulala kwenye mabenchi ya nyumba ya ibada, mfagiaji akamwamsha kwa adabu mara mbili na bila adabu mara ya tatu. Alilala chini ya gari bovu sokoni, akaamka viatu vimekwenda. Siku hiyo alirudi nyumbani pekupeku, na Kasuku, ambaye zamani angekuwa na maneno ya wiki nzima kuhusu jambo hilo, alimletea kandambili na kuondoka bila kusema neno.

Vidonge alivinywa vikaisha. Kichwa kilimgonga kisogoni kama mtu aliyesahau ufunguo.

Hatimaye alikwenda kwa fundi. Fundi huyo aliitwa Cheche, mtu mwembamba mwenye madoa ya moto mikononi, mwenye kutengeneza milango na madirisha ya chuma. Ilibidi Bundi ampige begani ndipo ageuke.

"Jirani, karibu," Cheche alipaza sauti. Alikuwa mtu wa kupaza sauti daima, maana mashine zilikwisha kuchukua sehemu ya masikio yake. "Unataka dirisha?"

"Nataka kulala."

"La kulala? Chumbani? Sawa, nitakupa bei ya ujirani."

"Kulala, Cheche. Usingizi." Bundi aliweka viganja vyake shavuni kama mtoto. Mteja aliyesubiri mlango wake alicheka, na Bundi akajiona mjinga, mtu mzima anaigiza kulala katikati ya watu.

Cheche alipoelewa hakucheka. Alizima mashine, akavua miwani, akamvutia kigoda. "Kaka, mimi nafanyaje? Umeme wenyewe wa mgao. Ukija asubuhi, adhuhuri wamechukua. Nikikungoja uamke nitakata chuma kwa meno?" Alitazama chini. "Mke wangu naye ananiambia nimekuwa nagombana na kila mtu. Nikamwambia sigombani, naongea tu. Kumbe napiga kelele, sijui."

Walikwenda pamoja kwa mwenye nyumba, na kwa kweli lingekuwa jambo la kuchekesha kuwaona, mwenye kelele na mwenye kukosa usingizi, wakiomba kitu kimoja: stoo ya upande wa barabarani, ambayo ilikuwa tupu, apewe Cheche. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mpole wa sura. Aliwasikiliza hadi mwisho huku akijipepea.

"Ile ya barabarani ni duka," alisema. "Nasubiri mtu wa duka. Wewe Cheche unalipa kodi ya stoo, kaa kwenye stoo. Na wewe, baba, anayetaka kimya akapange makaburini. Wapangaji wa kule hawapigi kelele."

"Basi nirudishie kodi ya miezi iliyobaki, nihame."

"Nimeijengea choo hicho unachotumia kila siku. Kakichimbe uichukue."

Cheche alimsindikiza hadi mlangoni kwake na kumwambia pole. Alisema kwa sauti kubwa mno, nyumba nzima ikasikia Bundi akipewa pole.

* * *

Aliyeyakamilisha yote alikuwa msimamizi wa ghala.

Kulikuwa kumepambazuka, zamu inakaribia kwisha, wapakiaji wa saruji wamejipanga langoni wakisubiri kufunguliwa. Bundi alikuwa amesimama wima kwenye nguzo, rungu mkononi, macho wazi nusu, na alikuwa amelala fofofo. Msimamizi aliliona hilo kutoka mbali. Akaweka kidole mdomoni kuwaambia wapakiaji wanyamaze, akanyata, akalichomoa rungu mkononi mwa mlinzi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Bundi hakuamka. Wapakiaji walicheka kwa kuziba midomo.

Kisha msimamizi alimchoma tumboni kwa ncha ya rungu lake mwenyewe.

Bundi alijikunja na kutapika maji. Akapigwa tena, mgongoni, si kwa nguvu sana, kwa dharau tu.

"Ukiibiwa silaha ukiwa umeishika, utanilindia nini?" msimamizi aliuliza.

"Nisamehe, bosi. Naumwa. Zahanati wamenipima presha."

"Presha ni ya wenye magari. Chuchumaa."

"Bosi, watu wanatazama."

"Ndiyo maana. Shika masikio. Ruka kichura mpaka pale kwenye mizani, kisha urudi. Hutaki, acha sare hapa uende na chupi."

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alichuchumaa, akashika masikio, akaruka. Mara ya kwanza wapakiaji walicheka. Alipofika kwenye mizani na kugeuka, uso wake umekuwa rangi ya saruji na mshipa wa shingo umetutumka kama kamba, hakuna aliyekuwa anacheka tena. Walitazama pembeni, kila mmoja akijifanya kufunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyesema basi. Wote walikuwa wanataka kufunguliwa lango.

Msimamizi alimtupia rungu miguuni. "Mchana ulale," alisema. "Leo usiku nikikukuta tena, usirudi."

Mchana ulale. Maneno hayo alitembea nayo njia nzima.

* * *

Alipofika nyumbani hakuvua sare. Alijilaza kifudifudi, rungu kando ya kitanda, na kweli usingizi ulimjia, mzito, mtamu, ukamshusha chini taratibu. Mkewe alimwona kupitia pazia lililoshonwa upya, akamwashiria Kasuku kwa mkono: amelala. Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kofi. Kibarazani palikuwa na mteja mmoja anayemaliziwa rasta zake, na ndani, kwenye jiko la mkaa, jagi kubwa la bati lilikuwa linatoa mvuke.

Umeme ukarudi. Cheche akawasha mashine.

Bundi aliinuka bila kupita katikati ya kulala na kuwa macho. Mkono ulilipata rungu wenyewe. Alitembea kuelekea mlangoni, na mke wake, aliyekuwa ameingia kuchukua maji, aliona kwamba uso ule haukuwa na mtu ndani.

"Unakwenda wapi?"

"Kuizima."

"Baba Kasuku, yule ana watoto."

"Nitaizima. Nitaizima na yeye nitamzima."

Kasuku aliwahi mlangoni. Alipanua mikono akashika miimo yote miwili, kichwa ameinamisha upande ule wenye sikio zima ili asikie atakachoambiwa.

"Baba, usiende. Watakuua kule. Baba, wapo wengi."

"Toka."

"Sitoki."

Akamsukuma. Mtoto akashikilia. Akamsukuma tena, akamgonga kichwa kwenye mwimo, na Kasuku bado ameng'ang'ania, analia sasa, anamwita baba, baba, kwa sauti ambayo mashine ilikuwa inaimeza. Rungu likapanda. Lilipanda juu hadi likagusa bati la dari, na hapo likasimama kidogo sana, kama linachagua mahali.

Mama hakufikiri. Baadaye watu walimuuliza mara nyingi alifikiri nini, na alijibu ukweli, hakufikiri. Alilinyakua jagi kwa mikono mitupu na kummwagia mume wake maji yote, kisogoni, shingoni na mgongoni.

Bundi alilia kama mnyama. Rungu lilianguka, naye akaanguka juu yake, akajaribu kulivua shati la sare na ngozi ikataka kuja nalo. Alijiburuza sakafuni akitafuta baridi ya saruji, akageuka, akajipigiza ukutani, ukuta uleule. Na upande wa pili mashine iliendelea. Cheche alikuwa na mlango wa mtu wa kumaliza kabla umeme haujakatwa, hakusikia lolote. Mtu alikuwa akiunguzwa nusu hatua kutoka kwake, naye aliendelea kunyoosha mstari wake.

Majirani walijaa. Walimwona mtu chini anachemka, wakamwona mwanamke ameshika jagi, wakaona wamepata yote waliyohitaji kujua.

"Amemuua mume."

"Nilisema mimi, wasusi hawa."

Mwanaume mmoja wa chumba cha tatu, ambaye alikuwa akinywa chai na Bundi kila siku ya mapumziko, alimpiga msusi ngumi ya mdomo. Msusi akayumba, jagi likamtoka, meno yake mawili ya mbele yakalegea. Mwanamke mwingine akamshika nywele kutoka nyuma. Alikuwa mteja wake. Kichwani mwake zilikuwa rasta alizosukwa na msusi huyohuyo, naye alimvuta kwa hasira ya mtu ambaye hakuwahi kukosewa na huyo anayempiga. Yule mwanaume alipoinua mkono tena, Kasuku alimrukia, akauma kiganja chake, na hakuachia hata alipopigwa kichwani. "Alitaka kunipiga na rungu," alisema alipoachia, mdomo una damu ya mtu mwingine. "Mama amenikinga mimi. Mimi."

Wachache walimsikia. Aliyewatawanya alikuwa Cheche, ambaye umeme ulimkatikia, akatoka na miwani kwenye paji la uso kuona kwa nini uani pamejaa. "Kuna nini?" aliuliza kwa ile sauti yake, na kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko zote, watu walidhani ni ya mwenye mamlaka, wakasogea. Alimtazama Bundi sakafuni. Alilitazama rungu, kisha ukuta. Hakuuliza tena. Alileta mkokoteni wake wa kubebea vyuma, akatandika kanga zilizolowa, na akamsukuma mwenyewe hadi hospitali, akipayukia watu barabarani wapishe.

* * *

Hospitalini walimsafisha, wakamchoma sindano ya maumivu, wakamlaza kifudifudi katika wodi yenye vitanda viwili viwili vilivyobanana. Watoto walilia, vyuma viligongana, mtu mmoja alikuwa akitukana dunia nzima tangu asubuhi. Katikati ya hayo Bundi alilala. Alilala siku ile, akalala na iliyofuata, akiamshwa kubadilishwa dawa na kunywa uji, kisha anazama tena. Walipompima presha kabla hajaruhusiwa kukaa, ilikuwa imeshuka. Daktari alisema vidonge vinafanya kazi vizuri. Labda.

Polisi alikuja na kalamu iliyogoma. Msusi alikuwa kando ya kitanda, mdomo umevimba.

"Nani amemmwagia maji?"

"Mimi," alisema.

Polisi alimwinamia mgonjwa. "Unashtaki?"

"Andika hivi," Bundi alisema kwenye mto. "Nilimwinulia rungu mtoto, mama yake akanizuia kwa alichokuwa nacho."

"Nimeuliza unashtaki au hushtaki."

"Nimshtaki nani, afande? Mwenye rungu nilikuwa mimi."

Polisi alitikisa kalamu yake, akaona hakuna kazi hapo, akaenda kwa yule anayetukana.

Siku ya tatu Kasuku alikuja peke yake na chai. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akageukia dirisha, ambako wafanyakazi walikuwa wanapakia mitungi ya gesi. Baba yake alimtazama kwa muda mrefu ule upande wa shavu. Halafu akaanza kusema. Alisema kwa sauti ya chini, kwa shida, maneno ambayo wanaume wa ukoo wake hawakuwahi kuyasema kwa watoto wao. Alisema hakuna kelele duniani ya kumfanya mtu ampige mwanawe. Alisema alikuwa akimwona kila siku anavyoshika vyombo kama mwizi, na moyo ulimuuma, lakini hakujua aanzie wapi. Aliomba msamaha.

Kasuku hakugeuka. Aliendelea kutazama mitungi.

Bundi alifumba macho. Alidhani amekataliwa, na aliona ni haki. Ilichukua muda hadi akaelewa kwamba binti ameketi na sikio la kushoto upande wake.

Akashika chuma cha kitanda, akajivuta. Mgongo ulipasuka maumivu, bandeji zikalowa. Alishuka, akazunguka kitanda akishika ukingo kama mtoto anayejifunza kutembea, hadi upande wa pili, akapiga magoti kwa kuwa kuketi hakuweza.

"Baba, unafanya nini? Daktari amesema usi—"

"Nilikuwa nasema kitu. Hukunisikia."

Akayarudia yote. Mara ya pili yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anamtazama machoni. Alipomaliza, binti hakumwambia amemsamehe. Alimwambia chai itapoa, akamshikia kikombe.

* * *

Kazi ilikuwa imekwisha; langoni pa ghala alishasimamishwa mwingine. Mke wake ndiye aliyemletea habari hiyo, pamoja na nyingine.

"Mimi na mtoto tunahamia kwa dada yangu," alisema. "Wewe ukitoka, ndugu yako amekubali ukae kwake upande wa sokoni. Kuna kazi ya kupima mizigo, mchana. Usiku utalala."

"Unaniacha, Mama Kasuku?"

Alifikiri kabla ya kujibu, ulimi ukigusa meno yaliyolegea. "Sijui. Nikikutazama namwona mume wangu. Ukisimama ghafla, naona lile rungu. Nipe muda nijue ni yupi anakuja kunitembelea. Njoo Jumapili, ule, umwone mwanao, uondoke. Tutaendelea hivyo mpaka mwili wangu ukuamini."

Alikubali.

Walihamisha vyombo siku ya Jumapili, kwa mkokoteni wa Cheche. Karakana ilikuwa imefungwa. Mwenye nyumba alikuja na mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, kumwonyesha chumba kabla hata kitanda hakijatoka. Mwanamke alisimama katikati, akasikiliza.

"Pametulia hapa," alisema kwa furaha.

"Sana," mwenye nyumba alisema. "Wapangaji wangu ni watu wa heshima."

Msusi aliweka chini fuko la vitana. "Mdogo wangu," alisema, "nyuma ya ukuta huo pana karakana. Rudi kesho usikilize, ndipo utoe hela yako."

Mwenye nyumba alimtazama kwa jicho la kumtoboa. "Wewe umeshahama, bibie. Domo hilo halijakutosha kupigwa?"

Yule mwanamke kijana hakushtuka. Alimpandisha mtoto mgongoni, akautazama ukuta, halafu dari, halafu mlango wenye kitasa kizima.

"Dada, asante kwa kuniambia," alisema. "Lakini nimezunguka na huyu wiki nzima. Tunakotoka, maji yanaingia hadi kitandani, amekwisha kuugua kifua mara mbili. Hapa pakavu. Kelele tutazizoea."

Akatoa kitita chake kwenye pindo la kanga. Msusi alimtazama akihesabu, kisha akamwita Kasuku washike kitanda, mmoja huku, mmoja kule, wakatoka nacho.